Mpwa wangu anaficha chakula kwenye soksi. Ni damu, malezi au mazingira?

#1 Mjomba wa Uyole (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Nina jambo la nyumbani, mnivumilie maana litakuwa refu, na naandikia dukani. Mteja akiingia nakatisha.

Januari nilimpokea mtoto wa dada yangu, miaka tisa, akitokea Makongolosi. Dada ni mama lishe kule machimboni. Mumewe alifuata dhahabu sehemu nyingine, hajarudi na simu haipatikani. Dada akanipigia: "Kaka, huyu akibaki huku ataishia kwenye makarasha. Mchukue asome." (Makarasha ni zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu.) Nikamwambia mlete. Nina wangu wawili, wa kiume ana kumi, wa kike ana sita, nikajua ni suala la kuongeza unga kidogo kwenye sufuria.

Wiki ya kwanza hakuna shida. Mtoto kimya, salamu anatoa, ukimtuma anakwenda mbio. Wiki ya pili mama watoto akaanza kusikia harufu chumba cha watoto. Tukadhani panya kafia darini. Siku anatoa mashuka afue ndipo akakuta nusu chapati ndani ya soksi, soksi chini ya godoro. Kwenye begi la shule viazi vitatu vya kuchemsha, vimeota ukungu, vimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Nyuma ya kitanda mfupa wa kuku. Mfupa jamani, ulishatafunwa mpaka ukaisha utamu.

Na si kwamba ananyimwa. Uyole hii, viazi tunavinunua kwa ndoo, nani atamnyima mtoto kiazi?

Nikaanza kumwangalia vizuri. Anakula haraka, mkono wa kushoto ameuzungusha kwenye sahani kama uzio. Anamaliza kabla wenzake hawajanawa vizuri. Ukimwita jina tu, hata kama unataka akuletee maji, jibu la kwanza ni "si mimi". Usiku analala na viatu. Ukimvua akiwa usingizini, asubuhi unakuta kavivaa tena. Shuleni nimeitwa mara mbili, amempiga mwenzake kwa sababu ya peni.

Lakini Jumamosi akikaa nami dukani, huyo mtoto ni mtu mzima. Anahesabu chenji kuliko mwanangu wa darasa la nne. Kuna siku kaja mteja wa mbolea, kaongea maneno matamu, anataka mkopo. Dogo akaninong'oneza, "Mjomba, huyu hatalipa." Sikumsikiliza. Mpaka leo hajalipa.

Sasa kilichonileta hapa. Mwezi uliopita, baada ya ile kesi ya pili ya shule, nilichukua mkanda. Nilikuwa sijamwambia neno lolote. Aliponiona nao alivua shati mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kochi, akalala kifudifudi sakafuni. Hakulia, hakuomba msamaha, hakuuliza kosa. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyepanga foleni zahanati.

Nimelea miaka kumi na sijawahi kuona hicho kitu. Niliurudisha mkanda kwenye suruali, nikatoka nje.

Bi mkubwa, yaani mama yangu, yuko Tukuyu, nilipomsimulia akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, baba yake alikuwa hivyohivyo, mwongo na mkono mwepesi. Mama watoto akamjibu (si mbele yake, msije mkaniulia ndoa) kwamba huyo mtoto ana damu ya dada yako pia, mbona hiyo damu haisemwi?

Naomba ushauri kwa waliolea watoto wa ndugu. Hii tabia ni ya kuzaliwa, au kaiokota huko alikokuwa? Na kama kaiokota, inatoka?

#2 Kahawa ya Mbozi

Nimekaa paleee na kikombe changu. Ngoja waje wataalamu.

#3 Mhehe Halisi

Kamwene mkuu. Unajisumbua bure. Mimi nimekulia Kalenga, marehemu baba alikuwa na fimbo ya mpera juu ya mlango, na kila Jumapili akitoka kanisani anaibadilisha na mbichi. Tulichapwa asubuhi, tukachapwa na mwalimu, tukirudi nyumbani tunachapwa kwa sababu tulichapwa shule. Tuko saba, hakuna mwizi, hakuna mlevi, wote tuna familia. Samaki mkunje angali mbichi. Huyo dogo kakuona wewe laini. Ule mkanda ungeumaliza siku ileile saa hizi usingekuwa na uzi humu.

#4 Tia Maji Tia Maji

Chai hii. Mtoto wa miaka tisa ajue mteja gani hatalipa? Labda mkuu wewe ndiye umezidi kukopesha.

#5 Chaki na Vumbi

Mleta mada, pole, na hongera kwa kuurudisha ule mkanda. Nafundisha msingi hapa Mafinga, mwaka wa kumi na nne huu, kwa hiyo nitaongea kidogo na Mhehe Halisi.

Ndugu yangu, fimbo naijua, nimeishika. Kwa kanuni za nchi hii viboko shuleni haviruhusiwi kuzidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Kila aliyesoma humu anajua inavyofanyika kweli, tusidanganyane. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto, waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24, karibu robo tatu walisema kabla ya kufika miaka 18 walishapigwa ngumi, mateke, viboko na mengine ya aina hiyo. Wasichana na wavulana sawasawa. Kama fimbo ingekuwa inanyoosha tabia kama unavyosema, Tanzania nzima tungekuwa tumenyooka kama reli ya TAZARA.

Halafu soma tena alivyoandika: mtoto kavua shati mwenyewe na kulikunja. Huyo ameshachapwa mpaka fimbo imekuwa ratiba. Ukimwongezea unamfundisha nini ambacho hajui?

Kuna jaribio moja tulifundishwa chuoni, la mwaka 1961, la Albert Bandura kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Watoto 72 wa chekechea. Baadhi waliwekwa chumbani na mtu mzima anayelipiga sanamu la mpira, analigonga kwa nyundo, analitupa juu huku akisema maneno ya ukali. Wengine walimwona mtu mzima anayecheza kwa utulivu. Wengine hawakuona chochote. Baadaye watoto wakapelekwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye lile sanamu na vitu vingine vya kuchezea. Wengi waliomwona mtu mzima akipiga nao wakapiga, kwa mtindo uleule, na maneno yaleyale waliyosikia. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Huyo aliyempiga mwenzake kwa ajili ya peni, mimi ningetaka kujua kwanza alikuwa anamwona nani akipigana, na kwa ajili ya nini.

#6 Mhehe Halisi

Mwalimu umeongea vizuri lakini sanamu la mpira si mtoto wa Kihehe.

#7 Kijiwe cha Mwanjelwa

Nitakuwa mbaya kidogo. Kila kitu siku hizi "mazingira, mazingira". Mimi nina mapacha, wasiofanana. Titi moja, godoro moja, baba mmoja na ulevi wake mmoja (nimeacha sasa). Mmoja tangu ana miezi mitatu ukimuweka chini analia mpaka jirani anagonga ukuta. Mwingine unamsahau. Leo wana miaka kumi na mbili, yule wa kelele bado wa kelele, na yule wa kimya ndiye fundi wa kuiba sukari, kimyakimya vilevile. Nani kawafundisha?

Na wazungu wamewachunguza mapacha wa kufanana waliotenganishwa wakiwa wachanga, wakalelewa nyumba tofauti. Walipokutanishwa ukubwani walifanana vitu vingi vya hulka, si sura tu. Kwa hiyo bi mkubwa wa Tukuyu msimcheke sana. Kuna kitu mtoto anakuja nacho.

#8 Chaki na Vumbi

Kijiwe, hilo sikubishii. Hulka anakuja nayo. Wa moto anazaliwa wa moto. Lakini hulka si tabia. Wa moto mmoja anakuwa mpiga debe wa Kabwe mwenye wateja kuliko wote, mwingine anakuwa kibaka palepale Kabwe, na moto ni uleule. Na hao mapacha wako umesema mwenyewe walimshuhudia baba mlevi. Yule wa kimya alijifunza nini? Kwamba ukitaka kitu, chukua kabla kelele hazijaanza. (Utanisamehe, umelileta mwenyewe.)

#9 Kijiwe cha Mwanjelwa

Daah. Mwalimu umenichapa kiboko cha tano, kile kisichoandikwa kitabuni.

#10 Mama wa Kliniki, Njombe

Mimi nashughulika na watoto walio chini ya miaka mitano, napima uzito na urefu, kwa hiyo nitasema lile nilijualo. Mnaanza habari ya tabia akiwa darasa la pili. Mmechelewa.

Sisi watu wa nyanda za juu kusini tunajisifu kulisha nchi. Mahindi yetu, viazi vyetu, maparachichi tunasafirisha nje, maziwa tunayo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ukatoa orodha ya udumavu: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Taifa zima ni 30. Yaani penye chakula ndipo watoto wamedumaa. Kwa nini? Kwa sababu mama yuko shambani kuanzia alfajiri, mtoto wa mwaka mmoja kaachiwa dada yake wa miaka saba, na huyo dada kaachiwa ugali wa asubuhi na majani. Anamlisha akilia. Asipolia hamlishi. Nimeshaona mtoto wa miezi kumi na nne ambaye halii kabisa, kaletwa na mama anamsifia, "huyu mtulivu sana". Hana utulivu wowote yule. Aliacha kulia kwa sababu haikumsaidia.

Udumavu haukai kwenye miguu tu, unafika kichwani, na siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo ubongo unapojengwa kwa kasi. Ndiyo maana hata serikali mwaka 2021 ikaja na ile programu ya malezi na makuzi ya awali: lishe, afya, ulinzi, kujifunza na malezi yenye mwitikio, vyote pamoja. Malezi yenye mwitikio maana yake akilia kuna mtu anaitika. Basi.

Mjomba, huyo wako inaonekana kuna kipindi alilia na hakuna aliyeitika. Sasa anajiwekea akiba.

#11 Ndaga Fijo

Mugonile wote. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, niwape ya zamani kidogo maana naona mnasema "malezi" kama vile ni kazi ya baba na mama peke yao.

Kwetu Rungwe, wakati wa babu yangu, mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja hakulala tena nyumbani. Wenye umri mmoja walijenga vibanda vyao pembeni ya kijiji, wakalala huko pamoja. Walipokua wakaoa hapohapo, kibanda kikawa kijiji. Kuna mama mmoja, Monica Wilson, na mumewe, walikuja kwetu miaka ya 1930 wakayachunguza haya.

Lakini jambo ninalotaka mlisikie ni la chakula. Wavulana wale hawakupika. Walikwenda kula kwa mama zao, ila hawakwenda mmoja mmoja. Leo kundi zima linakwenda kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama anapika akijua wanakuja sita au wanane. Mtoto anayekwenda kula kwao peke yake alionekana mchoyo, wenzake wanamsema mpaka anaona aibu. Hapo ndipo mtu alipofundishwa kuongea, kunyamaza mkubwa akiongea, kugawana. Sisi tunaiita *ukwangala*, kukaa na wenzako vizuri. Adabu ilitoka kwa marika kuliko kwa fimbo ya baba.

Sisemi turudi huko. Wenyewe tuliacha, ardhi imeisha na shule zimekuja. Nasema tu, mjukuu wangu wa Dar akija likizo anakula akiwa anaangalia simu, mgongo kampa mwenzake. Huyo wa machimboni na huyo wa Dar, wote wawili wanakula peke yao.

#12 Kahawa ya Mbozi

Mzee wangu umenigusa. Nimeweka kikombe chini.

#13 Dada wa Kilolo

Huwa nasoma tu humu, leo nimejisajili kwa sababu ya uzi huu.

Mimi ni mmoja wa wale mnaosema "dada wa kazi wa Iringa". Nilitoka Kilolo nina miaka kumi na sita, nikaenda Dar. Nimelea watoto wa nyumba nne. Dada mmoja, mimi huyuhuyu, mikono hii hii, uji uleule wa ulezi na karanga. Lakini watoto wametoka tofauti kama mchana na usiku, kwa hiyo mimi nina jibu langu ambalo sikulisoma chuoni.

Nyumba ya kwanza mtoto wa miaka mitatu alikuwa ananipiga. Akikasirika anavua kandambili yake ananirushia, halafu anasimama na mkono kiunoni. Nilikuwa namwona mtoto mbaya. Mpaka siku moja nimechelewa kuivisha maharage, mama yake akavua kandambili akanirushia, akasimama na mkono kiunoni. Mkono uleule, wa kulia. Nilicheka jikoni peke yangu mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Nyumba ya tatu walikuwa watu wa kawaida tu, baba dereva, mama mwalimu. Kila mtu alikuwa anasema "asante dada". Mtoto wao neno lake la tatu, baada ya mama na maji, lilikuwa "ataante".

Mjomba wa Uyole, nyumba ya nne walikuwa wamemchukua mtoto wa ndugu, yatima, naye alikuwa anaficha mkate kwenye mto. Mama mwenye nyumba alimpiga, hakuacha. Alimfungia kabati, ndiyo akazidi. Mimi nilimpa kopo la maziwa lenye mfuniko. Nikamwambia hili ni lako, weka humo unachotaka, hakuna atakayefungua ila wewe. Kila jioni namwongezea kitu kidogo, hata karanga. Ilichukua muda. Sisemi alipona, nasema mkate kwenye mto uliisha.

Jaribu. Ila kopo liwe lake kweli. Ukilifungua hata mara moja kuchungulia, umeharibu.

Na kwa sababu nimeshaanza, nimalizie. Wangu mwenyewe nilimuacha kwa bibi yake, Kilolo, akiwa na mwaka na nusu. Nikirudi Desemba ananiita "dada", kama wanavyoniita kule kazini. Bibi ndiye "mama". Sasa hivi nimerudi kabisa, nina genge Ipogolo, ana miaka minane, na bado kuna siku anasahau.

#14 Mama wa Kliniki, Njombe

Dada wa Kilolo, nimesoma mara mbili. Karibu sana humu.

#15 Tia Maji Tia Maji

Nafuta neno langu la chai.

#16 Chaki na Vumbi

Kuna aliyeniuliza inboksi kama "inatoka". Nimjibie hapa maana mleta mada naye aliuliza.

Romania, utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, walikutwa watoto zaidi ya laki moja kwenye vituo vya serikali. Wanalishwa, wanabadilishwa nguo, ila hakuna anayewabeba wala kuwasemesha. Miaka ya 2000 watafiti wakachukua watoto 136 pale Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walipata nafuu kubwa, na waliofika huko kabla ya miaka miwili ndio walioshikamana na walezi wao vizuri zaidi. Kwa hiyo muda una maana, Mama wa Kliniki yuko sahihi. Lakini huyu wa mjomba hakulelewa kituoni. Ana mama aliyehangaika naye na akajua kumpeleka kwa kaka yake. Hiyo si sawa na kutokuwa na mtu.

Na kwa wanaodhani mtoto wa kijijini hana malezi: kuna utafiti ulitoka mwaka 2017, watoto wa miaka minne wa Kijerumani na wa Wanso, wakulima wa Kameruni. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani, anaambiwa ukisubiri nirudi utapata cha pili. Wajerumani waliosubiri hawakufika theluthi. Wanso karibu asilimia 70. Na hao Wanso waliwekewa kitu kama andazi, wakakaa kimya mbele yake, wengine wakasinzia kitini. Mama wa Kinso anamlea mtoto ajue kutulia na kumsikiliza mkubwa, wa Kijerumani anamuuliza mtoto leo unataka nini. Kila mmoja anavuna alichopanda.

Ila kusubiri kunahitaji kitu kimoja: uamini kwamba anayekwambia "nitarudi" atarudi. Mtoto wa Makongolosi alimsubiri baba yake.

#17 Mjomba wa Uyole

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa ukimya, msimu wa mbolea ulinibana.

Kwanza nilimpigia dada. Sikumuuliza kama anayelaumu, nilimwambia tu nieleze siku yenu ilikuwaje. Akaanza kueleza akakatika, akaendelea kesho yake.

Chakula: alikuwa anapika wali na maharage kwa wachimbaji kuanzia saa kumi usiku. Mtoto anakula kinachobaki, na kinachobaki wanakigombea vijana wanaozunguka makarasha. Wakubwa wanamnyang'anya. Asiyekula haraka, hali. Ile mifupa alikuwa anapewa na wateja. Viatu: walikuwa wanaishi kwenye turubai. Kuna usiku watu walikuja kuwaondoa pale, wakakimbia gizani, akakanyaga msumari. Tangu siku hiyo dada mwenyewe ndiye aliyemwambia, mwanangu, lala na viatu.

Yaani mtoto anatii. Mimi nilikuwa namuona mkaidi, kumbe anatii.

"Si mimi" dada hakuijua. Nadhani hiyo aliianzia kwa baba yake.

Pili, kopo. Mama watoto alimpa kopo la maziwa. Wiki ya kwanza lilijaa viazi mpaka mfuniko haufungi, lilinuka, tukavumilia. Nilitamani kulifungua, Dada wa Kilolo aliniokoa. Baadaye viazi vikawa karanga, karanga zikawa bagia moja. Juzi nimemkuta amekaa ngazini na binti yangu, kopo liko katikati, wanachovya kwa zamu.

Viatu bado.

#18 Mhehe Halisi

Hongera mkuu. Na mimi nisahihishe kitu, maana kimenikaa tangu mwalimu aliandika. Nilisema tuko saba. Tulizaliwa nane. Yule wa tatu yuko kilabuni Kihesa, ulanzi asubuhi, ulanzi jioni. Alikuwa ndiye anayechapwa kuliko sisi wote. Nyumbani tukihesabu huwa hatumhesabu.

#19 Kijiwe cha Mwanjelwa

Mhehe, mtafute. Hata soda tu.

#20 Ndaga Fijo

Ndaga, mwanangu.

#21 Mjomba wa Uyole

Wakuu, nilidhani uzi umeisha. Jana limetokea jambo, sijamwambia mtu.

Kwenye droo ya dukani imepotea buku mbili. Ndogo, lakini nilikuwa nimeihesabu. Niliporudi nyumbani sikutaja jina, niliuliza tu mezani, nani kachukua hela ya mjomba? Sikilizeni nilivyosema. "Hela ya mjomba." Kuna watoto watatu pale, wawili wananiita baba.

Mwanangu wa kumi akasema haraka, "Ni yeye, nilimuona." Bi mkubwa alikuwa amekuja kutoka Tukuyu, akatikisa kichwa, akasema si niliwaambia. Binti akamwangalia dogo. Mama watoto akaniangalia mimi.

Dogo hakusema "si mimi". Mara ya kwanza tangu aje. Alinyanyuka, akavua shati, akaanza kulikunja.

Nikamwambia vaa, kaa, kula. Usiku nikamtoa mwanangu nje, tukazunguka nyumba, baridi ya Juni mnaijua. Mzunguko wa pili akatoa buku mbili kwenye mfuko wa koti. Nikamuuliza kwa nini umemsingizia mwenzako. Akanijibu, bila kiburi, kama anayenieleza kitu ambacho mimi mwenyewe nakijua: "Baba, si hata bibi anasema yeye ndiye mwizi."

Huyo ni wangu. Kazaliwa Mbeya, kalelewa na mimi, chakula hajawahi kukosa hata siku moja.

Sasa hivi ni saa moja kasoro, nimefunga duka, nimekaa juu ya mfuko wa mbolea naandika haya. Nikifika nyumbani natakiwa kuongea na watu watatu: dogo, mwanangu na mama yangu. Nimejaribu kupanga nianze na yupi na nimeshindwa.

#22 Dada wa Kilolo

Anza na dogo. Mwambie mbele ya wote kwamba haikuwa yeye. Mama yako awepo.

#23 Mjomba wa Uyole

Natoka sasa.